Safari ya Kibuta na Mbwa Kwenye Tenga

Hapana, Zuhura shoga yangu, hapo sitakubaliana na wewe. Najua utasema shida zote tulizopata njiani alizileta mbwa, na kwamba watu wawili wenye akili zao, tena Waislamu, wangemwacha nyumbani wakapanda basi kama wenzao. Kwanza basi halibebi mbwa. Halafu kama Kobe angebaki Janga, mie ningefika Kibuta, ningekula, ningelala, ningerudi, na mpaka leo ningekuwa mjinga vilevile kama nilivyoondoka. Nilichokijua chote nilikijua kwa sababu ya huyo mbwa utakayemlaumu. Kwa hiyo tulia nikuhadithie, na wenzako wakiuliza wasomee, ila msisome kwa sauti barazani. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Rama mnamjua. Mlikuja harusini mkanong'ona mbona bwana harusi kaja na wazee wawili tu, tena wa kazini kwake, kwenye mtambo wa maji Ruvu. Yeye alimwambia baba kwamba wazazi wake wote wawili walikufa, na ndugu aliyebaki ni mjomba mmoja huko Kibuta, mzee, hawezi kusafiri. Baba akakubali. Baba yangu pia mnamjua, Mzee Kondo, mtu wa chama, yumo kwenye timu ya operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Mtu akimwambia neno hulichukua kama lilivyo, mpaka siku agundue si kweli. Siku hiyo usiwepo.

Mie siko hivyo. Kila mwisho wa mwezi Rama anapakia mbwa kwenye baiskeli anapotea, akirudi ana korosho. Kwa mjomba. Nikisema twende wote, njia mbaya. Halafu kuna habari ya sukari. Mgao tunapata sawa na majirani, lakini yetu inaisha majirani bado wanakoroga. Rama anasema mkono wangu mzito. Mkono mzito uko wapi, na mie nakunywa chai chungu kama dawa? Nikaanza kufikiri kuna mahali yuko mwanamke anakunywa chai tamu.

Nikamwambia mwezi huu ama tunakwenda wote, ama narudi kwa baba. Alikuwa anakwangua tope kwenye madigadi. Akakwangua mpaka likaisha, akaendelea kukwangua bati tupu. Mwisho akasema sawa, twende, lakini Kobe naye anakwenda. Kana kwamba kuna mtu aliyesema asiende.

Janga hadi Mlandizi

Rama alikuwa na baiskeli yake ya kichina, na tenga la mbwa limefungwa kwenye keria kwa mipira. Mie nilikuwa na ile ya kike aliyoniachia dada alipoolewa. Asubuhi kukiwa na ubaridi Kobe anakimbia pembeni, jua likichoma ananyanyuliwa anatiwa tengani. Ni mbwa mwekundu, sikio moja limechanwa na nguruwe mwitu, na jina lake alipewa kwa vile akiwa mtoto alikuwa akitishwa anaingiza kichwa kifuani. Hata sasa akiogopa hufanya hivyo.

Tulipompakia mara ya kwanza nikaona kitu. Siku zote ndani ya lile tenga Kobe huonekana masikio tu. Safari hii alikaa juu, kifua chote nje, kama diwani. Nikamuuliza Rama mbona mbwa karefuka. Akasema kamtandikia magunia, barabara ina mashimo. Huyo ni mtu ambaye kiti changu mie kilikuwa kimetoka springi na hakukitandikia kitu.

Mlandizi tukapumzika kwa Bi Mwanaidi, mama mkwe wa dada yangu. Kobe akabaki nje ya uzio, maana Bi Mwanaidi ana udhu wa kudumu. Akatuletea vitumbua na mihogo ya kuchemsha, na kabla hatujameza akaanza kumcheka baba.

Juzi baba alikuwa amepita pale na wenzake wa operesheni, wanakagua nyumba zisizokaa kwenye mstari. Jiko la Bi Mwanaidi limetoka nje ya mstari kabisa, hata kipofu angelikwaa. Wenzake wakaingia uani na kamba zao za kupimia. Baba akabaki barabarani, kofia mkononi, anatazama miguu yake.

"Kama kijana aliyekuja kuposa," Bi Mwanaidi akasema. "Wenzake wanamwita, Mzee Kondo, njoo uone hili jiko, yeye anasema nyie malizeni. Alikula wali wangu siku ile tulipopeana watoto. Sasa atanifungulia mdomo gani aniambie nihamishe jiko?"

Mie nikacheka, maana najua. Baba akipita mbele ya nyumba ile huteremka kwenye baiskeli akaisukuma mpaka aivuke. Ndiyo adabu ya wakwe ilivyo kwetu. Mkishapeana watoto na mkala chakula kimoja, huingii kwa mkweo kwa ubavu, hata ukiwa na serikali nzima nyuma yako.

Rama hakucheka. Akauliza, "Hata kama kosa lipo, Mama?"

"Kosa ni langu, mwanangu," akasema Bi Mwanaidi, "na mkwe ni wake."

Rama akaomba arudie tena baba alisimama wapi hasa. Nikamtazama. Mtu gani anauliza baba mkwe wake alisimama wapi?

Mlandizi hadi Kiluvya

Barabara ya lami ni nzuri kuisikia tu. Malori yanapita na upepo wake unakusukuma majanini, madereva wanapiga honi wakiona mwanamke kwenye baiskeli, wakiona mbwa kwenye tenga wanapiga tena. Mmoja alichungulia dirishani akaniambia, "Dada, mwenzio kapakia mbwa, wewe kakuacha uendeshe." Nilitaka kumjibu lakini alikuwa keshapita, na kwa kweli alisema jambo.

Kabla ya Kibaha gurudumu la Rama likatoboka, tukakokota hadi kwenye mgahawa mmoja wa makuti kando ya barabara. Nilimuuliza kama ndipo anapokulaga akisafiri. Akasema hajawahi kusimama Kibaha, huwa anapitiliza. Sasa sikilizeni. Kobe kushushwa tu kwenye tenga akazunguka nyuma ya mgahawa bila kunusa, bila kutafuta, akakaa kitako mahali panapotupwa mifupa. Mama mwenye mgahawa akatoka na ukoko wa ugali mkononi.

"Kobe," akasema, "leo umekuja na wageni?"

Nikamwuliza amejuaje jina. Akamtazama Rama, akanitazama mie, akasema yeye mbwa wote anawaita Kobe. Ubaya wake ni kwamba kulikuwa na mbwa mwingine palepale, mweusi, na dakika hiyohiyo alimfukuza kwa jina la Jambazi.

Alitupa kambale wa Ruvu kwa nazi, watamu mno, nikala kwa hasira. Akiondoa sahani akamuuliza Rama kwa sauti ya chini, "Mwenyewe hajambo?" Rama akasema hajambo. Mwenyewe nani? Mjomba. Tangu lini mama ntilie wa Kibaha anamjulia hali mjomba wa Kibuta asiyeweza kusafiri?

Rama akaenda kutafuta gundi ya kuziba pancha. Mie nikalisogelea tenga. Kobe alikuwa amesharudishwa humo kivulini, akaniangalia, akaingiza kichwa kifuani. Nikapenyeza mkono chini yake. Magunia yalikuwepo, ndiyo, lakini chini ya magunia lilikuwepo debe dogo la mafuta lenye kifuniko. Nilipolitikisa likafanya sauti ya sukari. Zuhura, sauti ya sukari ya mgao naijua, nimeikosa muda mrefu. Pembeni mche wa sabuni. Na chini kabisa, imefungwa kwenye gazeti, doti ya kanga ya kisutu, mpya, bado ina harufu ya duka.

Kisutu. Wewe mwenyewe unajua mwanamke anavishwa kisutu akiolewa. Nikarudisha kila kitu, nikaenda kunawa mkono kwa udongo kama ipasavyo, na nikaamua sitasema neno. Nikimwuliza atapata njia ya kujitetea, na Rama akipewa muda hubuni. Nilitaka kumwona huyo mwanamke kwa macho yangu, amevaa, anakunywa chai.

Tukalala Kiluvya kwenye ukumbi wa mzee mmoja mkarimu, ambaye alitupa mkeka na maji ya kuoga lakini mbwa akaamuru afungwe mbali, kwenye mkorosho. Rama akasema tenga nalo atalipeleka kwa mbwa, asijisikie mpweke. Nikasema peleka tu, asije akapata upweke.

Kiluvya hadi Kisarawe

Hapo lami tukaiacha, tukaingia njia ya vumbi inayokata msitu. Mlima, mteremko, mlima. Kobe alikimbia mbele na kila penye njia panda anatusubiri kwenye njia iliyo sahihi. Nikamsifu kwa sauti ili Rama asikie: mbwa huyu anajua njia kuliko wenye ndoa zao.

Katikati ya msitu kulikuwa na mti umelazwa kukinga njia, na vijana wa mgambo wamekaa juu yake wanakula mabungo. Mkubwa wao akanyanyuka.

"Ndugu, simameni."

Kwa macho yao sisi tulikuwa moja kati ya mawili. Ama wawindaji haramu, kwa sababu ya mbwa, ama walanguzi, kwa sababu ya mizigo. Wakapekua mfuko wangu, wakatoa nguo zangu moja moja mbele ya watu, mpaka zile ambazo hazitolewi. Kisha yule mkubwa akamwambia kijana mmoja apekue tenga. Kijana akasogea. Kobe akatoa ulimi. Mate yakamdondoka kwenye ukingo wa tenga, na yule kijana akarudi nyuma.

"Mtoe mbwa kwanza," akasema mkubwa.

"Mtoe wewe. Mie nimeshatia udhu wa adhuhuri."

"Na mie sijatia?"

Wakaangaliana. Mwisho mkubwa akasema mbwa aliyekaa hivyo hana nafasi ya kukalia kitu. Basi, likaisha hilo. Nikamtazama Rama. Alikuwa ametulia kama anayesubiri zamu kwenye foleni. Nikaelewa kwamba hajaanza leo. Pwani nzima hii ya Waislamu hakuna mkono utakaoingia chini ya mbwa, na yeye keshalijua zamani akalifanya kuwa sanduku lake. Mtu anayeweza kufikiri hivyo anaweza kuficha wake wawili, watatu.

Kisha wakatutenganisha. Mie nikaulizwa tunakwenda kwa nani. Nikasema kwa mjomba wa mume wangu. Jina? Nikasema Mjomba. Yule mkubwa akauliza kama huko kwao Mjomba ni jina. Hapo nikagundua kwamba jina silijui, sijawahi kuambiwa. Akaenda kwa Rama, akarudi anatabasamu vibaya.

"Mwenzio anasema anakupeleka kwa mganga. Kwamba hushiki mimba."

Zuhura, niliona giza. Miezi saba ya ndoa, mwanamume ananitangaza msituni. Na sasa majibu yetu hayakukutana, kwa hiyo tungepelekwa ofisini Kisarawe tukakae huko hadi wachoke. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yule mkubwa anisikilize vizuri: mie ni binti wa Mzee Kondo wa Janga, wa timu ya operesheni, na kama ana shaka amtume mtu akamwulize.

Yule mkubwa akasimama wima. Mti ukaondolewa. Tukapewa mabungo. Alimjua baba, walikuwa pamoja kwenye semina, na akasema kwa furaha kwamba timu yao inaletwa upande huu, Kibuta na kuendelea, mara mavuno yakiisha, kuwatoa waliobaki porini. Atampelekea salamu kwamba bintiye na mkwewe wamepita wazima wakielekea Kibuta kwa mjomba.

Mie nilikuwa nimefurahi nusu. Nikamgeukia Rama nimwone kama kaona nilivyotuokoa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea habari ya msiba.

Kisarawe hadi Kibuta

Tukaingia Kisarawe. Pale tulikunywa chai ya rangi bila kitu, na baada yake mchanga ukaanza. Mchanga wa kule unameza gurudumu, unasukuma baiskeli kama unasukuma ng'ombe mgomvi. Nilimwambia kuhusu lile la mganga, nikasema yote niliyokuwa nayo moyoni isipokuwa kisutu. Alijibu neno moja tu, "Ungenyamaza, Tatu." Nikasema ningenyamaza tungekuwa lokapu. Akasema bora lokapu.

Kibuta ni kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari, miti bado midogo. Akatuingiza kwa mzee anayeitwa Mzee Mrisho. "Huyu ndiye mjomba." Nikapiga goti, shikamoo Mjomba. Akaitikia marahaba, lakini alimtazama Rama kwanza, kama mwanafunzi anayetazama daftari la jirani. Nikamuuliza marehemu mama yake Rama alikuwa dada yake mkubwa au mdogo. Akasema mkubwa. Tulipoletewa bada, ugali wa muhogo, na kisamvu nikauliza ni nani aliyemlea mwenzie, akasema yeye ndiye aliyembeba mama Rama mgongoni. Kambebaje mgongoni dada yake mkubwa? Akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka chakula kikaisha.

Kobe hakula. Alikuwa amekaa kwenye mwisho wa ule mstari wa nyumba, mgongo kwetu, anaangalia porini, analia kwa puani.

Ikaadhiniwa alasiri. Rama na Mzee Mrisho wakaenda msikitini. Rama aliniambia nipumzike. Nikasema nitapumzika. Alipopotea tu nikafungua tenga kwenye keria yake, nikalifunga kwenye yangu na vyote vilivyomo, nikamwambia Kobe, "Haya, nipeleke kwa bi mkubwa wako."

Nilikomfuata Kobe

Hakukuwa na njia. Mnaelewa? Palikuwa na vichaka tu, na matawi ya mikorosho yaliyokatwa yakalazwa makusudi, na mbwa anapita chini yake kama anaingia mlangoni kwao. Mie nikapita kwa kuchanika. Baadaye tukatokea mahame. Nyumba zilizoezuliwa, kuta zimebaki, mapapai yanaota ndani vyumbani, vinu vimepinduliwa. Mie ni binti wa operesheni, Zuhura, nilikuwa nawafundisha watu wazima kusoma na nyimbo za kuhamia vijijini nimewaimbisha mwenyewe, lakini mahame sikuwahi kuyaona. Waliohamishwa nilikuwa nawaona wakishafika tu.

Nikasikia harufu ya moshi kabla sijauona. Nyumba moja tu ilikuwa na paa. Mbele yake mwanamke alikuwa amekaa kwenye kigoda anabangua korosho, na Kobe akamrukia miguuni akajilaza chali, anatoa milio ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu. Mwanamke akanyanyua uso. Hakuwa na jino la mbele na nywele zote nyeupe.

Nilikuwa nimejiandaa kwa yeyote isipokuwa huyo. Hata shikamoo sikutoa. Nikasema, "Wewe nani yake Rama?"

Akaniangalia kuanzia miguu iliyochanika mpaka kichwa.

"Nimemzaa," akasema. "Na wewe ndiye mwenye haraka. Aliniambia."

Nikakaa chini mchangani. Yeye akanyanyuka bila kuuliza kitu, akaenda kwenye tenga, akatoa lile debe kama mtu anayechukua kitu chake, akalipeleka nyuma ya nyumba. Akaliosha kwa maji, tena na tena, na mara moja kwa udongo, mpaka zilipotimia saba. Udongo aliuchota kwenye kishimo kando ya ukuta. Kile kishimo kilikuwa kirefu kwa kuchotwa kila mwezi, mkono wake uliingia mpaka kwenye kiwiko. Nikakitazama nikahesabu mwenyewe kichwani chai zangu zote chungu.

Anaitwa Bi Chausiku. Walipohamishwa wenzake yeye alikataa. Kwenye daftari la Kibuta imeandikwa amehamia Janga kwa mwanawe. Janga inajulikana amekufa. "Maiti haandikishwi," akaniambia, na akacheka bila jino. Kibuta nzima wanajua aliko na hakuna anayesema, na Mzee Mrisho, ambaye si ndugu yake hata kidogo, ndiye anayemletea maji akiumwa.

Nilibishana naye. Msinicheke, sikuweza kujizuia. Nikamwambia kijijini kuna zahanati, kuna shule, kuna maji ya bomba. Akauliza maji yamefika? Nikasema yanakuja. Akasema yakifika nimwite, atakuja kuyaonja. Kisha akaacha mzaha, akanionyesha kwa kidevu nyuma ya mikorosho, makaburi matano, yamefagiliwa. Mume wake na watoto wanne waliomtangulia Rama na waliomfuata.

"Huko kijijini nitafagia nini?" akasema.

Rama akatokea anahema, kanzu imechanika begani. Alituona tumekaa, akasimama palepale. Nikamuuliza mbele ya mama yake kwa nini aliniambia kafa. Alikuwa hawezi kunitazama.

"Wewe ulikuwa binti wa Mzee Kondo," akasema. "Nilikuwa nasubiri uwe mke wangu."

"Na nimekuwa lini?"

"Sijui. Leo kule msituni nikaona bado."

Hilo liliniuma kuliko la mganga, kwa sababu lilikuwa kweli. Kwa kinywa changu nilikuwa nimetuma salamu kwa baba kwamba huku Kibuta kuna ndugu wa Rama. Baba si mjinga. Atauliza jina la mjomba, kisha atauliza la mama, na timu inakuja mavuno yakiisha. Nikamweleza Bi Chausiku yote, bila kuficha. Nilitegemea atalia au atanifukuza. Akaendelea kubangua.

"Baba yako anapenda vitu vitamu?" akauliza.

Nikasema anapenda kashata kupita kiasi, lakini tangu sukari iadimike hajazionja.

Akanituma kuni. Jioni ile akakaanga korosho, akayeyusha sukari ya lile debe, nusu nzima, sukari yangu, akamimina kwenye sinia akakata kashata. Zilipopoa akazipanga ndani ya kikapu cha ukindu chenye kifuniko. Halafu akafungua lile gazeti, akatoa kisutu, akanifunika mabegani. Alikuwa amemwagiza Rama tangu siku za harusi, ili mkwe wake akija asiondoke kama alivyokuja. Nami njia nzima nilikuwa nimeichukia ile kanga.

"Kikapu hiki ni cha mkwe mwenzangu," akasema. "Mwambie Chausiku anamsalimu, na kwamba mlango wangu uko wazi akija kama mkwe. Akija kwa namna nyingine, paa atalikuta, aliezue mwenyewe kwa mikono yake."

Rama akanitazama. Nadhani wote wawili tulimwona baba kwa wakati mmoja, barabarani Mlandizi, kofia mkononi.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na mengi. Kikapu kilikaa kwenye usukani wangu, mbali na mbwa, na Kobe tengani alionekana masikio tu. Mgambo walitupa mabungo tena. Mama wa mgahawa Kibaha akaniuliza kwa sauti kubwa, "Mwenyewe hajambo?" nikamjibu hajambo, anakusalimu, akanipa kambale bila kumpa Rama.

Leo tumefika Janga. Jirani akasema baba alikuja mara mbili. Salamu za mgambo zimemfika. Hakukaa, hakutaka maji, ameacha neno tu kwamba nikishafika, kesho yake nimwone nyumbani kabla hajaenda ofisini, na niende na jina la huyo mjomba.

Rama anasema nimpe kashata kwanza, ale, ndipo nimwambie zimetoka kwa nani. Zikiwa tumboni atafanya nini? Tumebishana mpaka chai imepoa, na chai ilikuwa chungu, maana sukari imeisha. Mie nimekataa. Baba akidanganywa atasema alidanganywa, na chakula cha kudanganywa hakimfungi mtu. Akijua ni cha nani halafu akala, hapo ndipo atakuwa amekula. Rama anauliza, na asipokula? Asipokula basi Bi Chausiku ataandikishwa, na mie ndiye niliyemfufua.

Barua hii nampa dereva wa basi la alfajiri. Mtakapoisoma haitakuwa siri tena kwa baba, kwa vyovyote vile. Kesho asubuhi nitajifunga kisutu, nitaacha baiskeli nje na Kobe nitamfunga kwenye uzio. Nitamwamkia baba, nitaweka kikapu karibu na kikombe chake, nitafunua kifuniko. Nitamwambia, Baba, mjomba hakuna, hivi vimetoka kwa mkwe wako Chausiku, yu hai, anakusalimu. Nikishasema hayo nitafunga mdomo wangu, na nitakaa mbele yake pale mkekani, hata kama ni mpaka adhuhuri, nautazama mkono wake.